Ifakara mbu wanalishwa, vipepeo wanafukuzwa!

Na Mwandishi Wetu

UKITAJA wadudu wa Ifakara mbele ya wataalamu, iwe Ulaya au Marekani, watakutajia mdudu mmoja tu: mbu. Tangu mwaka 1957, Mswisi Rudolf Geigy alipoanzisha maabara yake pale mjini, hadi leo ambapo Taasisi ya Afya Ifakara inajulikana kila kona ya dunia, mbu wa bonde la Kilombero wamefugwa, wamelishwa, wamehesabiwa na kujengewa vibanda vyao vya neti. Mbu wa Ifakara, bwana, ana makazi ya uhakika kuliko mpangaji wa Manzese.

Mpenzi msomaji, leo hatuna ugomvi na mbu. Tunamzungumzia jirani yake ambaye hang'ati, haambukizi, wala hakupigii kelele sikioni usiku wa manane, na labda ndiyo maana hakuna anayemjali. Kipepeo.

Nilipanda basi Msamvu asubuhi kwenda kumwona mama mdogo, Mang'ula. Zamani safari hii ilikuwa kasheshe: ukishavuka Kidatu, kiangazi unakula vumbi, masika unashuka kusukuma gari. Siku hizi lami imefika mpaka Ifakara. Ukikaa dirisha la kulia unaitazama milima ya Udzungwa, msitu mtupu kuanzia chini mpaka mawinguni. Ukihamia la kushoto unaona miwa, halafu miwa, halafu mpunga. Katikati mmejibana ninyi wenye basi pamoja na reli ya TAZARA, ile iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975.

Gari liliposimama kushusha abiria, pembeni palikuwa na dimbwi, na kwenye matope yake kundi la vipepeo wamekaa wamekunja mbawa, wametulia kama wazee barazani. Abiria mwenzangu akasema wanakunywa maji. Maji tu? Wapi! Wanafyonza chumvichumvi ya kwenye tope, na karibu wote huwa ni madume. Dume akishajaza chumvi mwilini, humkabidhi jike siku wanapokutana kimwili, naye jike huitumia kwenye mayai. Kwa lugha ya mtaani hiyo ni mahari. Kumbe hata huko hakuna cha bure!

Na majike nao wana vituko vyao. Kuna aina moja, wataalamu wanaiita Papilio dardanus, ambayo madume yake yote yanafanana, lakini majike mengi huvaa nguo za watu. Yanaiga rangi za vipepeo wengine kabisa, wale wachungu ambao ndege akiwaonja anatema. Ndege akimwona jike huyu anajua "aa, huyu sumu," anampita. Wenye tabia ya kuazima vitenge vya mashoga zao, mwenzenu huyo hapo.

Lakini habari yenyewe niliikuta kwa mama mdogo, nyuma ya jiko.

MLIMAO WA UGOMVI

Mama mdogo ana mlimao mmoja anaoupenda kuliko baadhi ya ndugu. Nilimkuta kashika chupa ya dawa ya kupulizia.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu, karibu. Hebu subiri kwanza niwamalize hawa washenzi, wameutafuna mlimao wangu wanataka kuuacha vijiti."

Washenzi wenyewe walikuwa viwavi. Wale wadogo ni weusi wenye baka jeupe mgongoni, ukiwaona utadhani ndege kajisaidia juu ya jani. Wakubwa wamenona, wa kijani. Nilimgusa mmoja kwa kijiti, akachomoa pembe mbili laini za rangi ya chungwa kutoka nyuma ya kichwa, na harufu iliyofuata sitaki hata kuieleza, maana gazeti hili husomwa mezani.

Nikamwambia mama mdogo kwamba hawa ndio wale vipepeo wakubwa weusi wenye madoa ya njano anaowasifia kila wakitua kwenye maua yake ya uani. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa mchumba wa binti yake ni jambazi.

"Yule mzuri vile ndiye huyu?"

Ndiye huyu, mama mdogo. Na hapo ndipo penye kiini cha jambo hili, msomaji wangu, kwa hiyo naomba unifuate polepole.

Kipepeo mkubwa hana matata. Atakunywa utamu wa ua lolote, na wengine, wale wenye miili minene na mbio kali wanaoitwa Charaxes, hata maua hawayataki. Wao anasa yao ni ndizi iliyooza na mavi ya wanyama. (Uzuri na usafi ni vitu viwili, hilo hata mjini tunalijua.) Mwenye masharti ni mtoto. Kiwavi wa mlimao halishwi jani la mwembe, atakufa njaa. Kuna viwavi wanaotaka ukoo wa karakara, kuna wanaotaka ukoo wa mstafeli na mtopetope, na wapo wengi ambao chakula chao kipo msituni tu. Mama yao anajua. Akitua juu ya jani huonja kwa miguu, ndiyo, kwa miguu! Jani likiwa lenyewe anataga. Likiwa silo anaruka kwenda kujaribu jingine, na asipolipata kijijini, wilayani, mahali popote anapoweza kufika, basi, ukoo umekwisha.

Kwa hiyo mtu akisimama jukwaani akasema "tumepanda miti milioni," mimi swali langu ni moja. Miti gani?

Maana Kilombero miti ipo. Tangu mwaka 1992 kuna kampuni ya misaji katika bonde hili, na msaji ukipandwa hapa unakubali kweli. Mbao zake zinauzwa ng'ambo, watu wanapata ajira, na katika eneo lake kampuni hiyo imeacha sehemu kubwa ya misitu ya asili bila kuigusa. Siwasemi vibaya. Ila msaji ni mgeni kutoka Asia, na vipepeo wetu wengi wakiuonja kwa miguu wanaondoka na mayai yao.

MSITU ULIOBAKI CHINI

Milima ya Udzungwa ina ulinzi wake. Ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1992. Kilichokuwa kinaisha ni msitu wa chini, wa tambarare. Sababu haihitaji profesa. Msitu wa mlimani umekaa penye mawe na miteremko, nani alime kule? Wa tambarare umekaa kwenye udongo mweusi, maji yapo, barabara ipo, reli ipo. Kila mtu anautaka.

Kipande kilichosalia chenye jina kubwa ni Magombera, hekta 2,600 hivi, kati ya miwa na pori lililokuwa likiitwa Selous. Huko nyuma kilikatwa magogo, kikachomwa moto, kikachomolewa nguzo. Wanasayansi walikuwa wakisema ni hazina, wengine wakasema ni pori tu. Halafu ikatokea kisa kama sinema. Mtafiti Mwingereza, Andrew Marshall, alikuwa akipita msituni kuwachunguza nyani wa miti, akamshtua nyoka aliyekuwa anakula. Nyoka akatema tonge na kukimbia. Lile tonge lilikuwa kinyonga ambaye sayansi haikuwa imempa jina bado! Mwaka 2009 akatangazwa kwa jina la Kinyongia magomberae, kinyonga wa Magombera. Ndiyo hivyo, umaarufu mwingine unaupata ukiwa umeshatoka mdomoni mwa nyoka.

Ilichukua miaka mingine kumi. Sehemu ya msitu ilikuwa ndani ya ardhi ya shamba la sukari, na mazungumzo yalihusisha kampuni, Serikali, wafadhili na vijiji. Mwaka 2019 Magombera ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Ndani yake imo miti mingi ya ukoo ule ule wa mstafeli niliousema, chakula cha watoto wa vipepeo wenye mikia kama panga. Nyumba imepata hati.

Tatizo ni kwamba nyumba yenyewe imebaki kisiwa. Kipepeo wa msituni si mbayuwayu. Wapo wasiopenda kabisa kutoka kwenye kivuli, na kumwambia mmoja wao avuke kilometa kadhaa za miwa mchana wa jua kali ni sawa na kukwambia wewe uvuke Mto Kilombero masika kwa kushikilia gogo.

Ndani ya kisiwa nako kuna vita. Msitu uliokatwa ovyo ukiachwa peke yake hautibiki kila mara. Unavamiwa na kamba za porini, zile zinazopanda juu ya miti na kuifunika kama shuka. Mti mchanga unakosa jua, mkubwa unavunjika kwa uzito. Marshall na wenzake wamefanya jaribio la kuzikata kamba hizo katika viwanja vya utafiti, na miti iliyofunguliwa ikaanza kukua vizuri zaidi. Ajira ndogo hiyo, vijana na mapanga yao. Ila hata hapa kipepeo ana neno: baadhi ya viwavi chakula chao ni hizo hizo kamba! Ukizikata zote umemjengea mmoja ukambomolea mwingine. Kazi hii haitaki mwenye haraka.

KUNI ZA IJUMAA NYINGINE

"Sasa hao vipepeo wako," mama mdogo akaniambia tukiwa tunakula ugali na perege, "wanajua bei ya mkaa?"

Hapo kanibana. Kwa miaka mingi wanawake wa upande huu wa Udzungwa waliruhusiwa kuingia ndani ya hifadhi kwa siku maalumu katika wiki kuokota kuni zilizokwisha kauka. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikafutwa. Kwa mwenye hifadhi ilieleweka: nyuma ya anayeokota kuni kavu huja anayekata mbichi, na nyuma yake mwenye mtego. Kwa mama mwenye chungu jikoni ilikuwa habari nyingine kabisa, maana maharage hayaivi kwa maelezo.

Ndiyo maana mimi nasema mradi wowote wa msitu hapa usioanzia jikoni unajidanganya. Waliofanya kazi Mang'ula wakaliona hilo; miche ya miti ya kuni ikagawiwa, majiko yanayotumia kuni chache yakafundishwa. Mama mdogo ana mijohoro sita kwenye mpaka wa shamba. Anaikata, inachipua, anaikata tena. Mjohoro nao mgeni, asili yake Asia kama msaji, lakini huyu mgeni kidogo kajichanganya: yule kipepeo mweupe wa kimanjano anayepita makundi kwa makundi kana kwamba anawahi treni, kiwavi wake anakula majani ya mjohoro. Kwa hiyo kuni za mama mdogo zinalea vipepeo na mwenyewe hana habari. Nikamwambia. Akasema, "Basi hao wamelipa kodi."

Miti ya msitu wenyewe ni shughuli nyingine. Hapo Mang'ula kuna shirika linaitwa Reforest Africa linaloshirikiana na wanavijiji kuotesha miche ya asili na kuirudisha ardhini. Usidhani ni kama kuotesha mikorosho. Mbegu za mkangazi zina mabawa, upepo ukizitangulia umezikosa. Tunda la mvule linapendwa na popo, mnagombania. Mbegu nyingi za miti ya msituni hazikubali kuwekwa kabatini hadi mwakani. Zikikauka zimekufa, unaokota leo unapanda leo. Ukishapanda, miaka ya mwanzo unapalilia, maana majani marefu ya bondeni yanaweza kuumeza mche wa mvule usijue ulikuwa wapi. Halafu inakuja kiangazi, mtu anachoma shamba lake, upepo unageuka, na kazi ya miaka mitatu inakwisha mchana mmoja. Waulize wapandaji wanaogopa nini zaidi: moto.

Sehemu inayonipa matumaini ni ile ya njia ya tembo. Vijiji vya Mang'ula A, Kanyenja na Sole vimetenga ardhi ili tembo waweze kupita kati ya Udzungwa na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere bila kulala kwenye mashamba ya watu. Hapo napo miti ya asili inarudishwa. Tembo ndiye mwenye jina, ndiye anayechangiwa fedha na wazungu, hakuna anayeandaa harambee kwa ajili ya kiwavi. Lakini kichaka kikishafungamana, kipepeo atapita humo humo bila kuuliza kilijengwa kwa jina la nani.

Wenzetu walijaribu kumfanya kipepeo mwenyewe alipe. Mwaka 1993 huko Gede, pwani ya Kenya, ulianzishwa mradi wa Kipepeo kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, wakati ambapo majirani wengi wa msitu ule walikuwa wanataka ukatwe wapewe mashamba. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakulima wa Amani katika milima ya Usambara Mashariki wakafuata. Mtindo ni mmoja: unakamata majike wachache, unawaweka kwenye nyumba ya neti pamoja na mche wanaoupenda, wanataga. Viwavi unawalisha majani kutoka kwenye bustani yako mwenyewe, kwa hiyo inabidi upande miti ya msituni nyumbani. Wakishakuwa pupa, yaani wamejifunga kwenye ganda wakisubiri mbawa, wanafungwa kwenye pamba na kupandishwa ndege kwenda maonyesho ya Ulaya na Marekani. Hapo ni mbio, maana pupa hajui habari za kuchelewa kwa ndege. Siku yake ikifika anatoka.

Na ilifanya kazi. Utafiti wa Theron Morgan-Brown na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010, uliona wafugaji wa vipepeo wa Amani wakijishughulisha na kulinda msitu kuliko majirani zao wasiofuga, hasa wale walioamini kwamba bila msitu biashara yao haipo. Mshiko unafundisha haraka kuliko semina.

Halafu ikaja mwaka 2016. Baada ya sakata la tumbili waliotaka kusafirishwa nje kupitia uwanja wa KIA, Serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai. Kipepeo naye kisheria ni mnyamapori. Kesi ya tumbili, kifungo cha kipepeo! Wakulima wa Amani waliokuwa wanasomesha watoto kwa viwavi wakajikuta wana mabanda ya neti na hakuna mnunuzi. Juni 2022 lilitoka tangazo la kulegeza kamba kwa muda, kelele zikapigwa, likasitishwa hata wiki haijaisha.

Kwa hiyo mtu akija Mang'ula na fulana mpya akasema "fugeni vipepeo mtajirika," nitamwomba kwanza apitie Amani akasalimie. Sisemi haiwezekani. Udzungwa inapata wageni wanaokuja kuona maporomoko ya Sanje. Banda la vipepeo la kutazamwa hapa hapa nchini, kama lile la Pete karibu na Jozani kule Unguja, halihitaji kibali cha kupanda ndege. Lakini mti uliopandwa kwa ahadi ya dola, dola ikikatika unakatwa nao. Mti wa kuni ya jikoni, mti wa kumzuia tembo asije shambani, mti wa kivuli cha kokoa, huo una mwenyewe wa kuulinda usiku.

Nilikaa siku tatu. Siku ya kuondoka nilikwenda nyuma ya jiko kuaga. Chupa ya dawa ilikuwa imewekwa juu ya paa la banda la kuku. Mlimao umepuliziwa, majani yanang'aa, isipokuwa tawi moja la upande wa choo, ambalo viwavi bado walikuwa wanalitafuna kwa raha zao.

"Hilo la washenzi," mama mdogo akasema. "Huku kwingine malimao ni yangu."